Hewa ya Ndani na Hewa ya Nje: Kutafuta Jina la Kitufe Kimoja

Kila asubuhi gari la jirani yangu hapa Mtendeni huongea Kijapani. Akiwasha tu, sauti ya mwanamke, ya upole na ya haraka haraka, hutoa tangazo kwenye dashibodi kisha hunyamaza. Miezi mingi ilipita kabla ya kijana anayefunga redio za magari kumweleza maana yake: gari linakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi za Japani haijachomekwa. Hapa Tabora kadi hiyo haina kazi. Jirani yangu ameizoea sauti ile, na wanawe huiitikia "Asante, mama," gari likianza kuondoka.

Kijapani hakikumzuia kuendesha. Kilichomsumbua ni kitufe kisicho na neno lolote, chenye picha tu: umbo la gari, na ndani yake mshale uliojikunja ukarudi ulikotoka. Mwezi wa Oktoba tulikwenda mazikoni katika kijiji kimoja nje ya mji. Oktoba ya Tabora wenyeji wanaijua: mvua bado, jua limekomaa, na barabara za vijijini zimesagika kuwa unga. Tulifunga vioo vyote, tukawasha AC, tukaweka feni mwisho. Vumbi likaingia vile vile. Tulipokwama nyuma ya lori moja kwa kilomita kadhaa, lilitutulia kwenye nyusi na juu ya dashibodi hata ungeweza kuandika jina lako kwa kidole.

Tuliporudi mjini tulimpitia fundi umeme wa magari. Aliinama dirishani, akatazama mara moja.

"Shikamooni, wazee. Mbona mnavuta hewa ya nje? Wekeni hewa ya ndani."

Akabonyeza. Taa ndogo ya rangi ya machungwa ikawaka, na mvumo wa feni ukabadilika.

Mimi hushinda na maneno tangu asubuhi hadi jioni, na safari nzima nilishindwa kumwambia jirani yangu abonyeze nini. Nilimwambia "kile cha mshale", akabonyeza mshale unaopeleka upepo miguuni. Fundi alikuwa na jina tayari, tena lenye jozi yake. Jina hilo nalitetea hapa, kwa sababu naamini istilahi ya chombo hupimwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, ukiitamka, mkono wa mwenzako unajua uende wapi?

Tuanze na kiyoyozi chenyewe, maana kitufe hiki ni mtoto wake. Watu wengi hudhani kiyoyozi ni mashine ya kutengeneza baridi, lakini historia yake inasema vingine. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi kijana wa Marekani, alipewa tatizo la kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Karatasi zilinyonya unyevu zikatanuka, zikikauka zikasinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikawa hazikutani. Mtambo aliouchora Carrier ulikusudiwa kuutawala unyevu. Jina la Kiingereza la kazi hiyo alilitoa Stuart Cramer mwaka 1906, mhandisi wa viwanda vya nguo wa North Carolina, akiliazima kwenye kazi ya kuandaa nyuzi kwa kuzipa unyevu unaofaa. Hewa nayo iliandaliwa kama uzi. Kwenye gari la watu, kiwanda cha Packard kilianza kuuza mtambo huo katika magari ya mwaka 1940, na dereva aliyetaka kuuzima kabisa alilazimika kusimama, kuzima injini, na kuuvua mkanda wa kompresa kwa mikono.

Kiswahili kilipokea kifaa hiki kikiwa tayari kimekamilika, na kikakipa majina zaidi ya moja. Kamusi zinasema kiyoyozi. Mitaani na gereji wanasema AC. Wapo pia wanaokiita kipupwe, jina la majira ya ubaridi ya katikati ya mwaka. Kipupwe ni jina tamu, lakini limekifunga kifaa kwenye baridi peke yake. Ndiyo maana masika yakifika, vioo vikifunga ukungu, dereva huchukua kitambaa na kufuta kioo huku akiendesha, wala hawazii kuwasha AC. Anajiambia: mvua yote hii, baridi ya nini tena? Hajui kwamba anakalia mashine ya kukausha hewa.

Inakaushaje? Kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, nayo inaibana gesi mpaka inapata moto. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta, ikapoa na kuwa kimiminika. Kisha hupenyezwa kwenye tundu jembamba, ikatanuka ghafla na kuwa ya baridi sana ndani ya mirija iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu ya mirija hiyo. Joto la hewa hubaki kwenye gesi, ikalirudisha mbele ya gari na kulitupa nje. Unyevu wa hewa nao hushikwa na mirija kama jasho la mtungi, ukadondoka kupitia mpira mdogo chini ya gari. Maji yale ambayo hukutisha ukidhani rejeta inavuja ndiyo unyevu uliotolewa kwenye hewa unayovuta.

Hapa pana neno jingine la gereji linalohitaji uangalifu. Fundi husema "gesi imeisha", na mwenye gari husikia kama petroli imeisha. Gesi ya kiyoyozi hailiwi. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua, basi mahali fulani inavuja. Anayejaza gesi bila kutafuta tundu anajaza maji kwenye pakacha. Tungesema "gesi imevuja", mwenye gari angeuliza swali la pili yeye mwenyewe: imevujia wapi?

Sasa turudi kwenye kitufe. Kazi yake ni kuamua feni ivute hewa wapi. Kikizimwa, kifuniko kidogo hufunguka na hewa huvutwa kutoka nje ya gari, kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Kikiwashwa, kifuniko hicho hufunga njia ya nje, na feni huvuta hewa ile ile iliyomo ndani, ikaipitisha tena kwenye mirija ya baridi. Vumbi na moshi wa lori hukosa mlango. Ubaridi nao huja upesi, kwa kuwa mashine inaipoza hewa iliyokwisha kupozwa. Lakini kila kitu kina gharama yake. Watu watano wakipumua hewa ile ile kwa muda mrefu, hewa chafu ya pumzi zao huongezeka, vichwa vinakuwa vizito na dereva anaanza kusinzia. Unyevu wa pumzi hizo nao hupanda kwenye vioo. Kwa hiyo hewa ya ndani ni ya vumbi, moshi na joto kali. Vumbi likipita, au mvua ikianza, rudisha hewa ya nje.

Mtaalamu akipewa kitufe hiki akibatize, anaweza kuanza na "mzunguko wa hewa". Jina hili limechoka kabla ya kuanza kazi, kwa sababu feni huzungusha hewa kitufe kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Anaweza kujaribu "urejelezaji wa hewa", kwa kufuata lugha ya taka zinazotumika upya. Hili linadanganya, maana linaahidi usafi, na kitufe hiki hakisafishi chochote. Kusafisha ni kazi ya chujio lililo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, ambalo kwenye nchi yetu ya vumbi linafaa kukaguliwa mara kwa mara. "Hewa ya ndani" inasema mambo kama yalivyo: hewa itatoka wapi. Na kwa kuwa ina pacha wake, "hewa ya nje", dereva akijua moja amejua zote mbili.

Kuna atakayesema maneno haya ni ya kawaida mno kuwa istilahi, kwamba hewa yoyote iliyomo garini ni hewa ya ndani. Lakini tuna breki ya mguu na breki ya mkono. Mguu na mkono ni maneno ya kila siku, na hakuna anayechanganyikiwa akiwa nyuma ya usukani. K. B. Kiingi wa Uganda, aliyeweka vigezo vya kupimia istilahi, alitaja miongoni mwake ufupi, uwazi, uwezo wa kuzaa maneno mengine na kukubalika kwa watumiaji. Jina la fundi wetu linapita kwa vyote: kutoka humo tunapata kitufe cha hewa ya ndani, kifuniko cha hewa ya nje na kuvuta hewa ya nje. Kukubalika hakuhitaji kampeni, kwani wanaolitumia wamekwisha kulikubali.

Redio iliyo juu ya kitufe hicho inatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Kwenye redio Kiswahili hakikusubiri kamati. Kilichukua vitenzi vya jikoni na bombani: tunawasha redio na kuizima kama moto, tunaifungulia kama maji. Tunaongeza sauti, tunapunguza sauti. Mtoto wa miaka minne anaelewa. Jambo lililobaki bila jina ni lile linaloumiza waagizaji wa magari kutoka Japani. Kwa miaka mingi redio za huko zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, na zetu ziko kati ya 88 na 108. Mnunuzi hukuta vituo vichache mno na kudhani redio ni mbovu. Si mbovu, imezoea masafa ya nchi nyingine. Kijana wa redio huunga kwenye waya wa antena kifaa kidogo kinachoteremsha masafa ya hapa mpaka pale redio inapoweza kuyasikia. Ningekiita "kishusha masafa", na ningefurahi kama wauzaji wangeandika hivyo kwenye risiti.

Siyasemi haya kwa bahati nikiwa Tabora. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mji waliouita Kazeh ulikuwa makutano ya njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na nyinginezo za kaskazini na kusini. Misafara ilitembea kwa Kiswahili, na maneno yake yalifinyangwa na waliobeba mizigo. Kirangozi alitangulia na bendera yake, na barghumu ya pembe ililia ili wa nyuma wajue wa mbele wako wapi. Mnyapara alisimamia, pagazi alibeba. Mnyapara leo yuko kwenye maeneo ya ujenzi. Usukani, tunaoushika kwenye gari, ulitoka majini, kwenye jahazi. Hata Mtendeni ni jina la aina hii: mtu aliona mitende, akasema alichokiona, na jina likakaa.

BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, nami naiheshimu kazi hiyo. Ombi langu ni kwamba wanaosanifu maneno ya vyombo waanze gereji, wakiwa na daftari, saa ambayo boneti limeinuliwa na mteja anauliza. Neno litakalojibu swali la mteja kwa mara moja lisibadilishwe ila kwa sababu nzito. Na wanaoandika vitabu vya kufundishia udereva waweke ukurasa mmoja wa picha za vitufe, kila picha na jina lake la Kiswahili na lini kitumike. Ukurasa huo ungezuia ajali za vioo vya ukungu kuliko onyo la jumla la kuwa makini.

Januari iliyofuata tulikuwa tunarudi kutoka Kwihara, kule kwenye tembe alimoishi Livingstone mwaka 1872. Mvua ilitushika njiani. Tulikuwa sita garini, nguo zimelowa, na kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Jirani yangu alinyoosha mkono kutafuta kitambaa. Binti yake, aliyebanwa kati yetu kwenye kiti cha nyuma, akamwahi.

"Baba, weka hewa ya nje. Na AC."

Akabonyeza mara mbili bila kuangalia chini. Taa ya machungwa ikazimika, nyingine ikawaka. Ukungu ukaanza kuachia kutoka pembe za chini za kioo, ukapanda taratibu, mpaka barabara ikaonekana yote.