Makaa, Kutu na Hewa Yenye Sumu

Mwaka 1812, kampuni ya Gas Light and Coke Company ilipopewa hati ya kifalme ya kuuangaza mji wa London kwa gesi iliyokamuliwa katika makaa ya mawe, wenyeji waliifurahia nuru hiyo mpya, walakini hawakukawia kutambua kwamba ndani yake mlikuwa na haidrojeni salfaidi, hewa yenye uvundo wa mayai viza, ambayo ikiwa nyingi humuua mtu. Mafundi wa zama hizo waliisafisha gesi kwa kuipitisha katika chokaa, na chokaa ikaikamata sumu barabara. Lakini tope lililosalia lilinuka kupita kiasi, hata majirani wa viwanda wakawa wameondolewa taabu moja na kuletewa nyingine.

Faraja ilikuja baada ya mwaka 1849, Frank Hills alipopata hataza ya kutumia oksidi ya chuma, kitu cha jamii ya kutu, ambayo ilichanganywa na unga wa mbao ili gesi ipate mianya ya kupenya. Hapa naona hekima kubwa, kwani kutu ile ilipokwisha kushiba ilitolewa nje ikaanikwa, na hewa hii tuivutayo ikaihuisha, kibiriti, yaani salfuri, kikabaki humo. Ikarudishwa kazini tena na tena, mpaka kibiriti kilipozidi ndipo ikauzwa kwa watengenezaji wa asidi ya salfuri, na sumu iliyokuwa ikichukiwa na mji mzima ikawa bidhaa yenye thamani.

Kutu hukamata sumu kwa kuungana nayo na kugeuka kitu kingine. Mkaa una tabia tofauti, ambayo Scheele wa Sweden aliishuhudia mwaka 1773, na miaka michache baadaye Fontana wa Italia, aliyezima kaa la moto ndani ya zebaki kisha akaona gesi aliyolikaribishia ikitoweka. Gesi ile haikunywewa kama maji yanywewavyo na sifongo. Iling'ang'ania kuta za vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo katika mkaa uliotayarishwa vyema ni vingi ajabu, hata gramu moja yaweza kuwa na kuta zenye eneo la zaidi ya mita 1,000 za mraba. Aliyewafundisha wenye viwanda kuvizidisha vitundu hivyo kwa mvuke wa maji na joto kali alikuwa mvumbuzi Ostrejko, katika hataza zake za mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walipofungulia klorini huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, mkaa ukaja kuingia katika vinyago vya askari, na Marekani ikawaomba raia wake kokwa za matunda na maganda magumu ya kuchoma. Ikadhihirika kwamba kifuu cha nazi, kile kile tunachotengenezea kata na upawa huku pwani, hutoa mkaa mgumu wenye vitundu vyembamba kuliko vya mkaa wa aghalabu ya miti.

Baada ya vita mkaa haukukosa kazi. Mwaka 1973, katika kiwanda cha kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika huko Skikda, Algeria, zebaki iliyokuwamo ndani ya gesi ilizila mashine za alumini zikaharibika. Tangu hapo imekuwa desturi kuipitisha gesi ya namna hiyo kwanza katika mkaa uliotiwa kibiriti, ambacho huifunga zebaki isipite.

Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya kemia walipewa Kitagawa, Robson na Yaghi, mzaliwa wa Amman, kwa kubuni fuwele za metali na kaboni ambazo vitundu vyake hupangwa kwa makusudi, ili kila kimoja kiichague gesi yake. Ni kazi tukufu. Hata hivyo ile mashuhuri ya mwaka 1999, iitwayo MOF-5, huvunjika ikipata unyevu, na moshi wa viwanda haukosi mvuke wa maji; basi wenye viwanda wangali wakinunua mkaa.