Dogo wa Dukani Aliyeota Kuondoka, Miaka 40 Baadaye Bado Yupo Kaunta

Kuna komedi moja ya TV ya Waingereza ambayo vijana wengi wa leo hawajawahi kuiona, ila mtu yeyote aliyelelewa na mjomba mwenye duka ataielewa fasta. Inaitwa Open All Hours. Mjomba bahili, mpwa anayetumikishwa, na duka dogo la mtaani linalofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Basi, imeisha. Hakuna bastola, hakuna jumba la kifahari, hakuna mtu anayerudi kutoka kaburini.

Na bado mwaka 2013, miaka 28 baada ya kipande chake cha mwisho kurushwa, BBC wakaamua kuirudisha. Mzee aliyekuwa staa wake alishafariki. Mtu angesema hapo mmeshachemka, mnarudishaje duka bila mwenye duka? Kumbe hapo hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe.

Ngoja turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1973 Ronnie Barker, mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa Uingereza, alipewa nafasi ya kutengeneza vipande saba vya majaribio, kila kimoja na stori yake na mhusika wake. Mfululizo huo uliitwa Seven of One. Kati ya vile saba, viwili vikazaa komedi kubwa. Kimoja kilikuwa cha mfungwa mjanja gerezani, kikawa Porridge. Kingine kilikuwa cha mwenye duka mwenye kigugumizi, kikaja kuwa Open All Hours. Shika hizo mbili, tutazirudia, maana zilizaliwa siku za jirani halafu zikazeeka tofauti kabisa.

Mwandishi wa stori ya duka alikuwa Roy Clarke, yule yule wa Last of the Summer Wine na Keeping Up Appearances. Duka lenyewe walilitafuta Doncaster, kaskazini mwa Uingereza, mtaa wa Balby. Kiukweli halikuwa duka la vyakula, ilikuwa saluni ya nywele. Walikuwa wanaipamba kwa nje, wanapanga mboga na mafagio barazani, wakimaliza kurekodi wanafungasha.

Sasa mzee mwenyewe. Arkwright ni bahili wa kutisha. Mteja akiingia kununua kiberiti, hatoki bila kubeba na kitu ambacho hakukihitaji. Mashine yake ya hela pale kaunta ina droo yenye springi kali, inajifunga kama mtego wa panya, na kila akiigusa unamwona anawahi kunusuru vidole. Fikiria hilo: hata mwenyewe anaogopa kutoa hela zake. Ng'ambo ya barabara anaishi nesi Gladys Emmanuel (Lynda Baron), ambaye Arkwright anamtaka kwa miaka na miaka. Gladys ana mama mgonjwa wa kumtunza, kwa hiyo ndoa inasogezwa mbele, inasogezwa mbele, mpaka inakuwa wimbo.

Halafu kuna Granville, mtoto wa dada yake. Mama yake hayupo, baba hajulikani vizuri ni nani, na mjomba hakosi kumkumbusha hilo kwa utani wa kuumiza. Granville ndiye anayepanga bidhaa, anayefagia, anayepanda ile baiskeli kupelekea wateja vitu vyao. Analipwa kiduchu. Anaota mapenzi, anaota miji ya mbali, anaota maisha yatakayoanza akishatoka pale. Alfajiri anapishana na dada wa maziwa, anapata dakika mbili za kujisikia mtu, halafu sauti ya mjomba inamwita ndani.

Aliyecheza Granville ni David Jason. Hapa kuna jambo la kuchekesha. Msimu wa kwanza ulipotoka mwaka 1976, huyo "dogo" alikuwa na miaka 36, na mjomba wake, yaani Barker, alikuwa na 46. Kumi tu kati yao! Na miaka hiyo hiyo, kwenye Porridge, Jason alikuwa anapakwa vipodozi na kuvishwa mvi acheze mfungwa mzee anayeitwa Blanco. Jamaa mmoja, huku kijana wa kutumwa, kule babu.

Open All Hours yenyewe ilikwenda kwa kusuasua. Msimu wa kwanza ulirushwa BBC2 ukapita kimya kimya, kukawa na pengo la miaka mitano, msimu wa pili ukaja 1981 kupitia BBC1 na hapo ndipo ikashika watu. Ikaisha 1985. Vipande 26 tu ukihesabu na kile cha majaribio. Kufikia hapo Jason alikuwa na miaka 45, na Granville bado anaota kuondoka. Hakuna kipande kilichowahi kusema kama aliondoka. Waliacha tu hivyo.

Barker naye akastaafu mwishoni mwa 1987, akiwa juu kabisa, akakataa makubwa. Unajua alienda kufanya nini? Alifungua duka. Kweli kabisa, duka la vitu vya kale huko Chipping Norton, akawa anakaa kaunta kama Arkwright (ila bila shaka mkarimu zaidi). Alifariki Oktoba 2005 akiwa na miaka 76. Jason, ambaye miaka yote alimwita "Guvnor", yaani bosi, alikuwa ameshapaa: Del Boy wa Only Fools and Horses, inspekta wa A Touch of Frost, na mwaka huo huo wa 2005 akapewa cheo cha Sir.

Sasa njoo 2013. Tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi, BBC One wanarusha kipande maalumu cha kuadhimisha miaka 40 tangu kile cha majaribio. Jina: Still Open All Hours. Mwandishi ni Roy Clarke yule yule, akiwa na miaka 83. Mlango wa duka unafunguliwa, na pale kaunta amevaa koti la dukani mzee wa miaka 73. Ni Granville.

Hakuondoka.

Mjomba amekufa, duka kaachiwa yeye, picha ya Arkwright imetundikwa ndani, na ile mashine ya hela bado inang'ata. Granville ana mtoto wa kiume, Leroy, na unaweza kubashiri nani anatumwa kupeleka mizigo. Vijisenti anavihesabu vile vile. Hila za kumbambikia mteja kitu asichokitaka ni zile zile. Hata mapenzi yamekaa mkao ule ule: anampenda Mavis tangu enzi hizo, na dada yake Mavis anasimama katikati kama ukuta. Yule kijana aliyemwona mjomba wake kama gereza, sasa ndiye mwenye funguo.

Watu zaidi ya milioni 12 walitazama. Kwa TV ya siku hizi hiyo ni namba ya kushtua, na BBC wakaagiza misimu kamili, ikafika sita, mpaka 2019. Wachambuzi wa magazeti wengi hawakuipenda sana. Walisema utani umechakaa. Na kusema ukweli, baadhi ya utani ulikuwa umechakaa hasa, tena kuna vipande vya misimu ya mwisho unaweza kuvitazama huku unapika na usipoteze kitu. Ila kile cha kwanza kina kitu ambacho wachambuzi walikipita haraka.

Chukua Porridge upime. Mwaka 2016 BBC walifanya msimu mzima wa kurudisha komedi za zamani: Are You Being Served? ikachezwa upya na waigizaji wapya, ikaishia kipande kimoja. Porridge ikapewa mfungwa mpya, mjukuu wa yule mfungwa wa zamani, aliyefungwa kwa uhalifu wa kompyuta. Waandishi walikuwa wale wale wa miaka ya 70, Dick Clement na Ian La Frenais. Kwa hiyo usiseme kalamu zilibadilika. Ikapata msimu mmoja mwaka 2017, ikafa.

Tofauti iko wapi? Porridge haikuwa na mtu wa kurudi. Kijana aliyekaa selo moja na Barker, Godber, alichezwa na Richard Beckinsale, na Beckinsale alifariki Machi 1979 akiwa na miaka 31 tu. Mrithi wa stori aliondoka kabla hata hajaota mvi. Walichobakiwa nacho ni jina la ukoo na kuta za gereza, wakamweka mtu mwingine ndani yake. Kule dukani mrithi alikuwa hai. Uso ule ule uliokuwa unachungulia dirishani mwaka 1976 ukiwaza kutoroka, sasa una makunyanzi, na huhitaji mtu akueleze miaka imekwenda wapi. Hilo huwezi kulitengeneza kwa vipodozi, kama walivyomtengeneza Blanco. Lazima miaka ipite kweli.

Ndiyo maana pia nesi Gladys alipotokea tena, Lynda Baron mwenyewe, watu walinyamaza kidogo kabla ya kucheka. Mzee aliyemsubiri hayupo. Ndoa haikufungwa. Ng'ambo ya barabara ni ile ile.

Vipande vya zamani vilikuwa vinaisha kwa namna moja. Giza linaingia, Arkwright anatoka nje kuingiza mboga na ndoo zake, huku anawaza kwa sauti: siku ilivyokwenda, nesi wa ng'ambo, hela zilizopatikana na zilizoponyoka. Granville wakati huo yuko ndani, amechoka. Kwenye kipande cha 2013 anayetoka nje jioni ni Granville. Anabeba bidhaa zile zile kuzirudisha ndani, anaangalia barabara ile ile ya Balby, na safari hii mawazo tunayoyasikia ni ya kwake.

Walipomaliza kurekodi, mafundi waling'oa kibao cha Arkwright na kuondoa mboga barazani. Asubuhi wateja wakarudi kutengenezwa nywele.