Sura, Nasaba na Nafasi: Kujithamini Huanzia Wapi?

Utangulizi

Mtu anapochubua ngozi yake, watu husema hajiamini. Ushauri unaofuata nao ni mwepesi: ajipende, aridhike na alivyoumbwa. Makala haya yanapinga mfuatano huo wa sababu na matokeo. Hoja yake ni kwamba jamii hugawa nafasi kwa kutazama mwonekano, na kujithamini huja baadaye, kama hesabu ambayo mtu huipiga kutokana na jinsi anavyopokewa. Ikiwa ndivyo, dawa inayolenga nafsi peke yake inaacha chanzo pale pale. Hoja hii inajengwa kwa mfano wa Unguja ya mwanzoni mwa karne ya 20, kisha inapimwa kwa mkorogo, yaani michanganyiko ya kuchubua ngozi, na ajira za leo.

Kaniki, kanga na buibui

Kabla ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, daraja la mtu lilitambulika kwa mbali. Mtumwa mwanamke alivaa kaniki, na kufunika kichwa ilikuwa alama ya waungwana. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, anaeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoitupa kaniki wakavaa kanga, na baadaye wakavaa buibui, vazi lililokuwa la wanawake wa tabaka la juu.

Badiliko hilo lilikuwa zaidi ya mitindo. Amri ya 1897 haikumpa aliyeachwa huru ardhi wala ukoo wenye jina, na masuria hawakuhusishwa nayo hadi mwaka 1909. Uhuru wa kwenye karatasi ulihitaji kuonekana mitaani ili utambuliwe. Wanawake hao hawakukaa kusubiri wajiamini ndipo wadai heshima. Walibadilisha kwanza alama ambazo jamii ilizitumia kuwapanga.

Siti binti Saad na hoja ya uzuri

Hakuna aliyeikabili hadharani mizani hiyo ya kumpima mtu kwa mwonekano na asili kama Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa. Alichuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarab. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikafika kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kumwona.

Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kejeli. Walimkumbusha kwamba ametoka shamba, kwamba alikuja mjini na kaniki, na kwamba bila sauti asingekuwa na riziki. Kejeli hiyo haikutenganisha sura, vazi na asili; vyote vitatu vilikuwa shtaka moja. Naye Siti akajibu kwa wimbo uliokataa kwa pamoja uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba kuwa kipimo cha mtu, akasema hasara ya kweli ni kukosa akili.

Jibu hilo lina uzito wa kinadharia. Siti hakudai kwamba naye ni mzuri, kama kampeni nyingi za leo zinavyowafundisha wasichana kusema. Alitambua kwamba anayegombea uzuri kwa kipimo cha wakubwa amekwisha kukikubali kipimo chenyewe. Hata hivyo, ingekuwa kosa kuufanya ushindi wake kuwa kanuni. Alikuwa na kipaji adimu kilichowalazimisha hata matajiri kumwalika. Asiye na kipaji cha namna hiyo hubaki kuhukumiwa kwa kile kinachoonekana.

Mkorogo na soko la ajira

Kwa mtazamo huu, anayetumia mkorogo anafuata mantiki iliyo karibu na ya mwanamke aliyevua kaniki: anabadilisha alama ili apokewe tofauti. Tofauti iko kwenye gharama. Kanga ilivaliwa juu ya mwili, ilhali mkorogo unauingia mwili wenyewe. Zebaki huharibu figo, haidrokwinoni huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka kirahisi, na krimu zenye steroidi huidhoofisha ngozi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unadhibiti zebaki kimataifa. Pamoja na hayo, biashara inaendelea, kwa sababu marufuku hugusa bidhaa bila kugusa faida ambayo mnunuzi anaitarajia.

Faida hiyo si ndoto tupu. Wanauchumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, katika utafiti wao wa mwaka 1994 uliotumia takwimu za Marekani na Kanada, walikuta kwamba watu waliohesabiwa kuwa na sura zisizovutia walilipwa pungufu ya wenye sura za kawaida kwa asilimia 5 hadi 10, wanaume kwa wanawake. Takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa Dar es Salaam au Mombasa kama zilivyo, lakini zinathibitisha kwamba sura inaweza kuwa na bei sokoni.

Pingamizi la malezi

Wapo watakaosema kwamba malezi mema hutosha kumkinga mtoto. Ushuhuda wa Lupita Nyong'o, mwigizaji Mkenya, unatia shaka dai hilo. Mwaka 2014 alisimulia kwamba utotoni aliomba Mungu aamke akiwa mweupe. Sifa za mama yake hazikumtuliza, maana mama hutarajiwa kumsifu mwanawe. Hali ilianza kubadilika alipoona Alek Wek, mwanamitindo mweusi mwenye asili ya Sudan Kusini, akishangiliwa na ulimwengu. Malezi yana nafasi yake, na Nyong'o mwenyewe baadaye aliyathamini mafunzo ya mama yake kwamba uzuri wa sura hautoshi kumtegemeza mtu. Lakini neno la nyumbani hupoteza nguvu likikanushwa kila siku nje ya mlango.

Hitimisho

Kazi basi ianzie mahali nafasi zinapogawiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa rangi, lakini tangazo la kazi linalodai "mwonekano mzuri" linaweza kumrudisha mbaguzi kwa mlango wa nyuma. Mwajiri anayeweka sharti hilo atakiwe kueleza linahusianaje na kazi yenyewe. Unadhifu unaweza kuelezeka, weupe hauwezi. Shuleni, mwalimu ajiulize ni nani huteuliwa kupokea wageni na nani huachwa nyuma. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kumlaumu binti kwa kukosa kujiamini, ilhali hesabu aliyoipiga kuhusu thamani yake machoni petu ni sahihi.