Bastola Chini ya Siti: Silaha Halali na Gari Lililoegeshwa Kigamboni

Katika majengo mengi ya Dar es Salaam yanayopokea umma, yawe benki, hoteli au kumbi za starehe, mgeni hukutana na matangazo mawili. La mlangoni linasema silaha haziruhusiwi. La kwenye maegesho linasema mwenye gari anaegesha kwa dhamana yake mwenyewe. Kila tangazo lina mantiki yake, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka watu waingie benki na bastola viunoni. Ila mtu mwenye kibali halali akiyasoma yote mawili kwa pamoja, anaelewa jambo moja tu: aiache kwenye gari, na ikiibwa ni shauri yake.

Mjadala wa silaha nchini kwetu umeelemea pande mbili, silaha za magendo na silaha za askari. Silaha ya raia aliyeruhusiwa tunaizungumzia siku inapotolewa kibali na siku inapofyatuliwa. Kati ya siku hizo mbili kuna saa nyingi ambazo bastola haiko kiunoni wala haiko kabatini nyumbani. Iko chini ya siti, au kwenye droo ya dashibodi, ndani ya gari lililoegeshwa. Ninachokitetea hapa ni kwamba saa hizo ndizo dhaifu kuliko zote katika maisha ya silaha halali. Na chanzo cha udhaifu huo kwa jiji letu si wepesi wa kioo peke yake. Gari la Dar es Salaam si mahali pa faragha kama mwenyewe anavyojidanganya.

Kigamboni inafaa kuwa mfano. Ilimegwa kutoka Temeke na kuwa wilaya mwaka 2016, mwaka uleule ambao Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilizinduliwa mwezi Aprili. Sensa ya 2022 ilikuta wakazi wanaozidi 300,000, karibu mara mbili ya wale wa 2012. Ni wilaya ya umbali. Aliyejenga Kibada ana biashara Kariakoo, mwenye shamba Kimbiji au Pembamnazi analala Upanga, na wa maghala ya mafuta ya Vijibweni anazunguka na stakabadhi na fedha mchana kutwa. Zipo barabara ambazo usiku taa pekee ni za gari lako. Anayeomba kibali cha silaha katika mazingira hayo mara nyingi ni mtu wa gari, na sababu anazozitoa zinatokana na safari zake. Wapo pia wanaoliacha gari upande wa Kigamboni na kuvuka kwa pantoni kwa miguu, kukwepa foleni ya magari ya Magogoni. Gari linabaki juani hadi jioni.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imejengwa juu ya mtu. Kibali ni cha mtu mwenye jina, picha na namba ya silaha. Maombi hupita mikononi mwa wanaomfahamu mwombaji, kuanzia ngazi ya mtaa na kata, kisha kamati za usalama na polisi, nao hupima tabia yake, sababu zake na afya yake ya akili. Utaratibu huo nauheshimu. Ni moja ya sababu za silaha kubaki chache mikononi mwa raia wetu. Tatizo lake ni kwamba unampima mwenye silaha ukidhani silaha itakuwa naye daima.

Tufuate funguo za gari moja kwa wiki nzima. Si gari la mtu fulani. Ni Prado au Harrier ya mwananchi wa kawaida wa Kibada mwenye uwezo. Jumatatu dereva anawapeleka watoto shule, analiosha, analirudisha. Jumatano breki zinalia, gari linaachwa gereji na funguo zake, na fundi atalijaribu barabarani pamoja na kijana wake anayejifunza kazi. Siti itasogezwa mbele na nyuma, kapeti litainuliwa, maana ndivyo gari linavyotengenezwa. Ijumaa shemeji ana msiba Mbagala, anaazima gari. Jumamosi liko kwa vijana wanaoosha magari kando ya barabara, milango minne wazi, redio juu, na kijana mwenye kitambaa amepitisha mkono kila mahali ambapo vumbi linaweza kujificha. Jumapili liko ufukweni, funguo kwa mlinzi ili alisogeze magari yakijaa. Tusisahau watoto wa nyumba, ambao wanajua kilichomo kwenye droo ya dashibodi kuliko baba yao, kwa kuwa ndimo peremende na chaji za simu zinamokaa.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mwizi. Ni utaratibu wetu wa kuishi, na una uzuri wake; gari la mmoja ni msaada wa wengi. Lakini bastola iliyosahaulika chini ya siti kwa wiki hiyo imekaa mikononi mwa watu wasiopungua watano ambao hakuna kamati iliyowahi kuwajadili. Kwa lugha ya sheria, mwenye kibali ameigawa silaha yake bila kujua.

Madhara yake hayaishii kwake. Kumiliki silaha bila kibali hapa kwetu hushtakiwa chini ya sheria hiyo ya 2015 ikisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo adhabu yake haipungui miaka 20 jela. Sasa mfikirie fundi aliyesimamishwa na askari Tungi akijaribu breki, gari likapekuliwa, bastola ikatoka. Anaweza kueleza kwamba gari ni la mteja, mteja akaja na kitabu chake cha silaha, mambo yakaisha. Anaweza pia asiaminiwe. Huyo mteja aliyekuwa na haraka ya kwenda kazini amemwachia kijana wa watu kesi nzito kuliko gari lenyewe, na sioni kwa nini maadili ya umiliki yasimhesabie jambo hilo. Tunazungumza sana kuhusu mwenye silaha kuibiwa. Kuhusu mwenye silaha kumponza asiye na hatia hatuzungumzi kabisa.

Wizi wenyewe upo, bila shaka. Kibaka wa Temeke na Kigamboni anayetembea kwenye maegesho kwa kawaida hatafuti bastola. Anatafuta saiti mira, swichi za vioo, kompyuta iliyoachwa kwenye begi siti ya nyuma, vitu vyenye soko linalojulikana. Kioo kidogo cha pembeni huvunjika kwa sauti ndogo kuliko ile ya wimbi la Mjimwema. Mtu huyo akikuta bastola, wizi wa vipuri umegeuka kitu kingine kabisa, na hata yeye hakuupanga. Dar es Salaam iliyokimbia ovyo jioni ya Januari 2, 2015 kwa uvumi wa kundi la Panya Road ilikuwa inawakimbia vijana wenye mapanga na visu. Nani anataka kufikiria vijana walewale wakiwa na bastola moja tu katikati yao?

Hapa uchache wa silaha, ambao ni fahari yetu, unageuka kuwa hoja upande wa tahadhari. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yanaiweka Tanzania chini ya silaha moja ya kiraia kwa kila watu 100, wakati Marekani ina takribani 120 kwa idadi hiyohiyo ya watu. Baadhi ya wasomaji watahitimisha kwamba basi tatizo si letu. Mimi nasoma kinyume. Silaha ilipo adimu, bei yake kwa mhalifu ni kubwa, na yuko tayari kuua ili aipate. Usiku wa Julai 12, 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari na raia wakauawa, silaha zikachukuliwa. Agosti 23, 2016 askari wanne waliuawa Mbande, Temeke, kwenye lindo la benki, nazo silaha zikaenda. Katika nchi ambayo watu wamemwaga damu kiasi hicho kupata bunduki, kuiacha bastola nyuma ya kioo chenye unene wa milimita chache ni kumpunguzia mhalifu gharama yote.

Marekani kwenyewe tunapata picha ya jinsi jambo hili linavyokwenda likiachwa. Ripoti ya serikali yao ilionyesha kwamba kati ya 2017 na 2021 zaidi ya silaha milioni moja ziliibwa kwa watu binafsi, na uchambuzi wa takwimu za polisi za miji mingi umeonyesha kuwa gari limekuwa mahali panapoongoza kwa wizi wa bunduki. Kisa kimoja kinatosha. Juni 27, 2015, ofisa wa serikali kuu anayesimamia ardhi ya umma aliegesha gari lake mjini San Francisco, bastola ya kazi ikiwa kwenye begi ndani ya gari. Kioo kikavunjwa, begi likaondoka. Siku nne baadaye, kwenye gati ya watembea kwa miguu, risasi kutoka bastola hiyo ilimuua mwanamke kijana aliyekuwa akitembea na baba yake. Siasa za Marekani zikakimbilia kwenye uhamiaji wa mtu aliyeishika bastola. Bunge la jimbo la California, kwa utulivu zaidi, likaangalia gari: mwaka 2016 lilipitisha sheria iliyowalazimisha hata maofisa wa usalama kuifungia silaha kwenye buti au kwenye sanduku lenye kufuli wanapoiacha ndani ya gari. Aliyeibiwa bastola ile alikuwa mtumishi wa serikali, aliyefunzwa, mwenye silaha ya serikali. Kwa hiyo ule utetezi wa “mimi ni mzoefu” hauna uzito mkubwa.

Hofu moja ya mitaani niipitie haraka, kwa sababu inapoteza muda. Watu wanaogopa risasi zitalipuka kwa joto la gari. Gari lililofungwa juani pwani linaweza kufika nyuzi joto 60 na kidogo, wakati baruti ya risasi huhitaji joto zaidi ya mara mbili ya hapo kuwaka yenyewe. Joto la kila siku huichosha baruti polepole, basi. Adui wa kweli Kigamboni ni chumvi na unyevu: gari linatoka kwenye kiyoyozi, linafungwa kwenye hewa ya bahari, chuma kinatoa jasho ndani ya ala ya ngozi. Kutu inayofuata huifanya bastola isiaminike siku inapohitajika.

Wapo watakaojibu kwamba barabara ya Mwasonga saa nne usiku si mahali pa falsafa, na kwamba silaha iko kwenye gari kwa sababu hatari iko kwenye gari. Nakubaliana nao nusu. Hatari kubwa ya mwenye gari Dar es Salaam huja gari linaposimama, hasa getini pake anapopiga honi kusubiri kufunguliwa. Katika dakika hizo silaha iliyo mwilini inaweza kuwa na maana. Iliyo chini ya siti ya abiria ni ya yule atakayeifikia kwanza. Na gari likishaegeshwa, mwenyewe akaondoka, hoja ya kujilinda inakwisha kabisa, kwa kuwa hakuna tena anayelindwa. Kinachobaki ni uvivu wa kuibeba, na hilo tangazo la mlangoni.

Tangazo linaweza kurekebishwa. Jengo linalokataza silaha lingepaswa kuwa na kabati la chuma, daftari na mtu mmoja anayewajibika, kama baadhi ya taasisi zinavyofanya kwa simu. Wenye hoteli watalalamika kwamba hawataki kubeba dhamana ya bastola za wateja. Lakini dhamana hiyo tayari wanaibeba, iko kwenye maegesho yao, isipokuwa hawaioni. Sanduku dogo la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari linasaidia pia, mradi lisichukuliwe kuwa kabati la kudumu: kibaka mwenye haraka litamshinda, fundi mwenye siku nzima halimshindi.

Uhakiki wa silaha ulioendeshwa Dar es Salaam mwaka 2016, ambapo hata Rais Magufuli alihakikiwa zake, ulionyesha kwamba wamiliki wanaweza kuitwa wakaja. Zoezi la namna hiyo huoanisha namba, jina na kitabu. Msamaha wa kusalimisha silaha haramu, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, nao huelekezwa kwa silaha zisizo na kitabu. Njia ambayo silaha yenye kitabu hupita hadi ikakosa kitabu haipo katika zoezi lolote kati ya hayo. Kamati ya kata inayomjua mwombaji ingeweza kumuuliza gari lake hushinda wapi, na nani mwingine ana funguo. Ni maswali ya dakika mbili, na mwenyekiti wa mtaa kwa kawaida anayajua majibu yake kabla mwombaji hajafungua mdomo.

Linalobaki gumu ni adhabu. Ni rahisi kupendekeza kwamba anayeibiwa silaha kwenye gari anyang’anywe kibali papo hapo, na wengi wangepiga makofi. Hofu yangu ni kwamba mtu huyo, akijua hivyo, ataanza kwa kuitafuta mwenyewe: atamtisha kijana aliyeosha gari, atamtuma mtu kwa vibaka wa Mbagala na fedha ya kuikomboa, atafika kituoni siku ya nne. Polisi wanaihitaji namba ya bastola saa ya kwanza. Kwa hiyo uzito wa adhabu ungepimwa kwanza kwa muda uliopita kati ya kugundua na kutoa taarifa, kisha kwa namna silaha ilivyokuwa imehifadhiwa. Aliyefika kituoni usiku uleule, sanduku lake likiwa limeng’olewa, anastahili onyo na masharti mapya. Aliyekaa kimya siku nne kwa ajili ya bastola iliyokuwa kwenye droo isiyo na ufunguo asipewe nyingine.