Aliyeuza duka Chawia na sheria ya 1932

Mtu anayenunua duka Chawia, kwenye milima ya Taita nchini Kenya, halipii rafu na mizani tu. Analipia pia jina ambalo muuzaji amelijenga kwa miaka, na wateja waliozoea kuingia humo. Muuzaji akishapokea pesa, kisha akafungua duka jingine ng'ambo ya barabara, wateja watamfuata, na mnunuzi atabaki na kuta. Ndiyo sababu mikataba mingi ya kuuza biashara ina kifungu cha kumzuia muuzaji asishindane na aliyemuuzia.

Kifungu hicho kina historia ndefu. Mwaka 1711 mahakama ya Uingereza ilikikubali katika kesi ya mwoka mikate wa London aliyekuwa ameahidi kutooka katika parokia moja kwa miaka 5. Eneo lilikuwa dogo, muda ulijulikana. Mwaka 1894 ikaja kesi ya Thorsten Nordenfelt, mtengenezaji wa silaha aliyeuza kiwanda chake kwa pauni 287,500, akaahidi kutotengeneza bunduki wala baruti popote duniani kwa miaka 25. Majaji walimbana kwa ahadi hiyo. Wateja wake walikuwa serikali za dunia nzima, kwa hiyo soko lake lilikuwa dunia.

Kwetu mambo yalianza kwa njia nyingine. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika pia katika koloni la Kenya, ilibatilisha karibu kila ahadi ya kumzuia mtu kufanya kazi halali. Iliacha mlango mmoja: aliyeuza biashara pamoja na wateja wake angeweza kuzuiwa, mradi mipaka ya eneo iwe ya haki. Mwaka 1932 Kenya ikatunga sheria yake kuhusu vifungu hivi, ambayo ingali inatumika. Tangu hapo kifungu hakibatiliki kwa kuwepo tu. Mahakama Kuu ndiyo yenye uwezo wa kukibatilisha, ikiridhika kwamba kinampa mnunuzi ulinzi kupita anaostahili, au kinaumiza umma. Huangalia aina ya kazi, muda na eneo. Mwaka 1961 sheria ya India ikaondoka kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na kanuni za Kiingereza.

Kwa maoni yangu, hapo kwenye eneo ndipo wengi wanapojidhuru. Mnunuzi wa mashine ya kusaga unga huko Chawia akiandika kwamba muuzaji asisage mahali popote Kenya, amejipa zaidi ya alichonunua, na kifungu kinaweza kumponyoka chote. Wateja wake wanatoka vijiji vya karibu. Mtu wa Voi, mji ulio chini tambarare, hapandi mlima kuja kusaga kilo mbili. Aandike Chawia na vijiji vinavyopeleka mahindi hapo, na aweke muda unaotosha wateja kumzoea. Umma nao una haki yake: kijiji chenye mashine moja kikifungiwa ya pili kwa miaka mingi, wanaolipia ni akina mama wenye debe la mahindi.