Herder na Urithi Wake katika Taaluma za Lugha

Johann Gottfried Herder hatajwi sana katika vitabu vya isimu, ilhali mawazo yake yamo humo tele. Alizaliwa Mohrungen, Prussia ya Mashariki, mwaka 1744, akasoma kwa Kant huko Königsberg, akawa mwalimu na mchungaji wa Kilutheri, na kufariki Weimar mwaka 1803. Hakuacha mfumo wa falsafa uliojengeka kama ule wa mwalimu wake. Aliacha mawazo yaliyotawanyika, nayo isimu, fasihi simulizi, anthropolojia na historia zikagawana, kila taaluma ikachukua fungu lake na kusahau lilikotoka.

Chimbuko la mambo ni tuzo. Mwaka 1769 Akademia ya Berlin iliuliza kama wanadamu, wakiachiwa vipawa vyao vya asili peke yake, wangeweza kuibuni lugha. Condillac alikuwa ameitoa lugha katika vilio vya kimaumbile mwaka 1746. Naye Süssmilch, mwaka 1766, alishikilia kwamba utaratibu wa lugha ni mkamilifu mno hata hauwezi kuwa kazi ya mwanadamu, basi ni kazi ya Mungu. Herder aliandika jibu lake mwishoni mwa mwaka 1770 akiwa Strasbourg, ambako alikuwa akitibiwa jicho. Matibabu hayakufaulu, insha ilipata tuzo mwaka 1771, ikachapishwa mwaka 1772.

Herder alizikataa njia zote mbili. Alisema kuwa nyuki na buibui wana silika ya kuwaongoza, bali mwanadamu hana; badala yake ana uwezo wa kutua, kuzingatia, na kuchagua alama moja katika wingi wa mambo yanayomjia. Mfano wake ni kondoo. Mtu humsikia akilia, huishika sauti ile kuwa ndiyo alama yake, na akimwona tena humtambua kuwa ni yule mwenye kulia. Msomaji aliyezoea tanakali za sauti za Kiswahili anaweza kudhani kwamba nguvu ya mfano huu iko katika kuiga sauti. Sivyo. Nguvu yake ni kwamba alama ile tayari ni neno, hata kama haijatamkwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo fikira haitangulii lugha ikaja kuitafutia vazi. Huzaliwa pamoja nayo. Na ikiwa ni hivyo, kila lugha ni njia kamili ya kufikiri, wala haifai kupimwa kwa kipimo cha nyingine.

Herder aliifuata hoja hiyo katika nyimbo. Tangu 1764 hadi 1769 alifundisha Riga, mji ambao mabwana wake walisema Kijerumani na wakulima wa kandokando yake Kilatvia. Katika mkusanyo wa nyimbo alioutoa 1778 na 1779 aliziweka za Walatvia, Walithuania na Waestonia pamoja na za Waingereza na Wahispania, ukiwamo wimbo wa Kiestonia unaolalamikia dhuluma za mabwana wa watwana. Ni tendo dogo kwa macho ya leo, lakini fasihi simulizi kama somo la wasomi ina deni kubwa kwalo. Ndugu Grimm walitoa ngano zao kuanzia 1812, naye Lönnrot akatoa Kalevala ya Wafini mwaka 1835.

Lakini Herder aliambatanisha na hoja hiyo dai jingine, kwamba kila lugha ina taifa lake, na taifa lina roho moja inayokaa katika lugha hiyo. Madai haya mawili yalisafiri pamoja hadi Afrika, na hayakupatana njiani. Wilhelm Bleek, aliyelipatia kundi la lugha zetu jina la Bantu, alikusanya masimulizi ya Wakhoikhoi kwa heshima na kuyachapisha mwaka 1864. Hata hivyo alifikiri kwamba lugha zenye jinsia ya kisarufi huwapa wasemaji wake uwezo wa kuwatia wanyama utu, na kwamba lugha za ngeli huwanyima uwezo huo. Roho ya taifa imekuwa sasa matokeo ya viambishi! Miaka sita baadaye Steere alichapisha hadithi za Unguja, mkiwemo kisa cha punda wa dobi, ambamo kima anamhadaa papa. Atakayesema kuwa kisa hicho asili yake ni India atasema kweli. Lakini sungura hakutoka India, naye ana ngano zisizohesabika katika lugha za ngeli. Carl Meinhof alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake cha 1912 juu ya lugha za Wahamiti alichanganya lugha, rangi na ufugaji, na ilibidi kungoja kazi za Greenberg ili uainishaji huo uvunjwe kwa ushahidi wa lugha peke yake.

Aliyeyatenganisha madai hayo mawili waziwazi ni Edward Sapir. Tasnifu yake ya mwaka 1905, katika Chuo Kikuu cha Columbia, ilihusu insha ileile ya Herder, nayo ilichapishwa 1907. Alibaki na imani kwamba kila lugha ni kamili. Lakini katika kitabu chake cha 1921 alionyesha kwamba mipaka ya lugha, ya rangi na ya utamaduni haina sababu ya kulingana.

Kiswahili ni ushahidi ambao Sapir hakuuhitaji lakini ungemfaa. Usanifishaji ulioanza rasmi mwaka 1930 ulichukua Kiunguja kuwa msingi, ingawa tenzi mashuhuri nyingi zilikuwa zimetungwa kwa lahaja za Lamu, Pate na Mombasa. Wengi wanaokisema leo walizaliwa katika lugha nyingine. Swali la Mswahili ni nani limebishaniwa kwa miaka mingi, na wabishi wa pande zote hudhani, kama Herder, kwamba lugha lazima iwe na mwenyewe mmoja. Huko Lubumbashi watoto wanakipata Kiswahili kutoka kwa mama zao, na wengi wao hawajaiona bahari.