Hukumu ya Bi Hawa: Aliyekosa Fungu, Akawafungulia Wenzake Mlango



Ndugu wasomaji, kina baba na kina mama, katika mambo yanayotutatiza ni namna tunavyopokezana habari za hukumu za mahakama kubwa. Hukumu hutolewa asubuhi, na ikifika Alasiri barazani imeshakuwa neno moja tu: fulani kashinda, fulani kashindwa. Msikilizaji hukaa na neno hilo miaka na miaka, akamshauri kwalo binti yake na kuwaamulia nduguze, na kumbe hukumu yenyewe ilisema jambo jingine kabisa.

Leo, In shaa Allah, tutaangalia hukumu moja ya jirani zetu wa Tanzania, iliyotolewa mwaka 1983. Ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya aliyekuwa mumewe, Ally Sefu. Wanasheria wanaitaja mpaka leo, lakini ukiwauliza watu wa kawaida, mmoja atakwambia Bi Hawa alishinda na mwingine atakwambia alishindwa. Na wote wawili wana sehemu ya ukweli.

SHERIA ILIYOKUWEPO

Zamani kidogo, mambo ya ndoa Tanzania Bara yalikwenda kwa njia nyingi: Waislamu kwa sheria ya dini yao, Wakristo kwa yao, na makabila kwa mila zao. Mwaka 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, Sheria Namba 5, iliyowaweka wote chini ya sheria moja. Sheria hii ni ya Bara tu. Zanzibar ina utaratibu wake na mahakama zake za Kadhi.

Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinasema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja wakati wa ndoa. Katika kugawa, mahakama itazame desturi za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo.

Sasa tazama neno hilo "kazi". Mke aliyepika, akafua, akalea watoto na kutunza nyumba, je, huyo naye kafanya kazi inayohesabiwa? Sheria haikufafanua. Hapo ndipo lilipoanzia tatizo.

SAFARI YA KESI

Baada ya kuachika, Bi Hawa alidai sehemu ya mali, na hasa nyumba. Mahakama ya Mwanzo ikaona kwamba nyumba kainunua mume kwa fedha zake, na yeye alikuwa mke tu wa nyumbani, basi hana fungu. Alipokwenda Mahakama Kuu nako akaambiwa vivyo hivyo.

Lakini msidhani majaji wote wa Mahakama Kuu wakati ule walikuwa na kauli moja. Walikuwepo walioona kwamba mchango ni wa fedha na mali, na kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu. Na walikuwepo walioona kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hivyo haki ya mwanamke ilitegemea kesi yake imeangukia kwa jaji gani. Huo si uadilifu, na ndiyo sababu ya kuwepo mahakama ya juu zaidi, ili iseme neno litakalowafunga wote walio chini yake.

Mahakama hiyo ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kesi ya Bi Hawa ilipofika, mahakama hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Ikasikilizwa na majaji watatu, akiwemo Jaji Mkuu Francis Nyalali.

HUKUMU ILISEMA NINI?

Majaji wakajiuliza: Bunge lilikusudia kuondoa ubaya gani lilipotunga sheria hii? Wakajibu kwamba lilikusudia kuondoa dhulma waliyokuwa wakifanyiwa wake na waume zao. Basi kusema kazi ya mke nyumbani si kitu ni kuurudisha ubaya uleule. Wakaamua kwamba maneno "mchango" na "juhudi za pamoja" yanaingiza ndani yake kazi za nyumbani za mke au mume.

Hapo Bi Hawa alishinda. Lakini majaji wakaendelea kutazama ushahidi. Ilionekana kwamba mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzishia biashara kwa faida ya familia, naye akazitapanya. Mahakama ikaona kwamba hilo limekula mchango wake wote, na hivyo hakustahiki tena fungu katika mali iliyobaki. Bi Hawa akatoka mahakamani mikono mitupu.

Hapa ndugu zangu tutofautishe mambo mawili. Kuna matokeo ya kesi, nayo ni ya wale wawili tu. Na kuna sababu ya hukumu, nayo ndiyo inayowafunga mahakimu na majaji wa chini katika kesi zinazofuata. Matokeo yalimuumiza Bi Hawa. Sababu ikawafaa wanawake wengi waliokuja nyuma yake.

MAKOSA MAWILI YA BARAZANI

Wapo wanaume wanaosema: "Mke wa nyumbani hana kitu, hata Bi Hawa alinyimwa." Hawa wameshika matokeo wakaacha sababu. Alinyimwa kwa fedha alizotapanya, si kwa kuwa mke wa nyumbani.

Na wapo wanawake wanaosema: "Mahakama imesema tugawane nusu kwa nusu." Hawa nao wamezidisha. Mahakama ilisema kazi ya nyumbani ni mchango. Ukubwa wa mchango huo ni jambo la ushahidi katika kila kesi. Kenya nako imekuwa hivyo. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango, na inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba nusu haiji yenyewe, kila mmoja aonyeshe mchango wake.

JE, FIKRA HII NI NGENI KWETU?

Wengine wanahofia kwamba kuhesabu kazi ya mke ni jambo la kizungu. Ni kweli kwamba katika fiqhi mali ya mume ni yake na ya mke ni yake, na ndoa peke yake haizichanganyi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, jasho la mke nalo ni lake. Huko Morocco, katika karne ya 16 Miladia, mwanachuoni wa Kimaliki Ibn Ardun alitoa fatwa kwamba wanawake wa milimani waliofanya kazi mashambani na waume zao wana fungu katika walichozalisha. Na sheria ya familia ya Morocco ya mwaka 2004 inawaruhusu wanandoa kuandikiana juu ya mali watakayochuma.

Basi ukisikia hukumu imetoka, uliza maswali matatu: Ni mahakama gani iliyosema? Imetoa sababu gani? Na ushahidi ulikuwa upi? Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo njia ya kusoma wenyewe inafunguka. Na enyi wanandoa, andikianeni mambo yenu mkiwa bado mnapendana, kwani Suratul Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandikiana madeni, na haki ya mwenzio ni deni.

Wallaahu a'alam. Wabillaahi tawfiq.